KUSOMEA MUZIKI SI KULA BATA: MIKONO, MASIKIO NA VICHWA VYA WANACHUO WETU

Najua wengine mnasoma hapo huku dakika zinakatika, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye mada.

Hivi ukisikia mtu anasomea udaktari unasemaje? "Kazi ipo, atakonda huyo." Anayesomea uhandisi? "Kichwa hicho." Sasa ukisikia mtu yupo chuo kikuu anasomea muziki... wengi tunacheka. "Huyo kaenda kula bata kwa hela za mkopo." Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka hivyohivyo. Leo sicheki tena, na nitawaeleza kwa nini.

Nianzie hapa kwetu Shishiyu, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Kuna jamaa yetu mmoja, jina naliweka kapuni. Tumekua naye. Tulikuwa tunakimbilia wote kuangalia bugobogobo, wale wanaocheza na majembe, lakini sisi tulikuwa tunaangalia wachezaji, yeye anaangalia mikono ya wapiga ngoma. Akirudi nyumbani anapiga ndoo mpaka mama yake anamfukuza. Alipofaulu akapata nafasi ya shahada ya muziki katika chuo kimoja hapa nchini (nacho nakiweka kapuni, nia yangu si kumsema mtu). Baba yake akauliza swali moja tu: "Ngoma zipo hapa bure, wewe unakwenda kuzilipia ada?"

Mwaka wa pili akarudi likizo. Nikamkuta anashika kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unauma kuanzia kiganja mpaka kiwiko, vidole viwili vinakufa ganzi. Usiku anasikia mlio masikioni, anasema ni kama nyenje wamehamia kichwani. Na kubwa kuliko yote, halali. Akifumba macho anaona walimu watatu wamekaa mbele yake na kalamu, yeye yupo kwenye kinanda, vidole havitii.

Mama yake hakuwa na shaka juu ya chanzo. Wasukuma tunajuana, ngoma kwetu ni mashindano tangu enzi za mababu. Kuna Bagika, kuna Bagalu, na kila upande una dawa zake za kuvuta watu na za kujikinga. Manju akikatika sauti katikati ya mashindano, hakuna anayesema koo limechoka. Wanasema amefanyiwa. Basi jamaa akapelekwa kwa mtaalamu, akachanjwa, akapewa na ya kujifukiza. Wiki tatu. Mkono uleule.

Sitaki mtu amcheke mama. Kwa sababu jamaa aliniambia kwamba kule chuo, alipomweleza mwalimu wake mkono unauma, alijibiwa: "Bado hujazoea, ongeza mazoezi." Kijijini dawa ni chale, chuoni dawa ni mazoezi zaidi. Pande zote mbili hakuna aliyeushika ule mkono akauangalia.

Nikaanza kusoma na kuuliza. Nilichokikuta ndicho nawaletea.

MKONO

Kupiga kinanda, gitaa au fidla ni kazi ya misuli midogo na kano zinazopita kwenye njia nyembamba pale kifundo cha mkono. Ukirudia mjongeo uleule maelfu ya mara bila kupumzika, kano zinavimba, na zikivimba zinaweza kubana mshipa wa fahamu. Ndipo ganzi inapoanzia. Mtu akipumzika mapema mara nyingi inapoa. Akilazimisha, inaweza kuchukua miezi.

Sisi wakulima hili tunalijua. Siku ya kwanza ya palizi hulimi shamba zima, utalala na jembe mkononi. Sasa chuo kikuu ndivyo wanavyofanya. Kwenye nchi tajiri mtoto anaanza kinanda akiwa na miaka 6 au 7. Huku kwetu wengi wanakutana na kinanda kanisani ukubwani, au chuoni kabisa. Yaani kijana wa miaka 21 anataka kuifukuzia miaka 14 ya mwenzake ndani ya miaka mitatu. Na vinanda ni vichache. Jamaa alikuwa anapata zamu saa nne usiku, na kwa kuwa hajui atapata lini tena, anapiga mfululizo mpaka saa nane.

Msidhani ni ugonjwa wa wanaoanza tu. Robert Schumann, mtunzi wa Ujerumani, aliharibikiwa kidole cha mkono wa kulia mwanzoni mwa miaka ya 1830 akiwa kijana wa kama miaka 20 na kitu, ndoto ya kuwa mpiga kinanda mkubwa ikaishia hapo, akabaki na utunzi. Mmarekani Leon Fleisher alikuwa kwenye kilele miaka ya 1960 pale vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilipoanza kujikunja vyenyewe. Ugonjwa huo unaitwa distonia, ubongo unachanganya amri inayokwenda kwenye vidole. Alipiga kwa mkono wa kushoto tu kwa miaka kama 30 kabla ya kupata nafuu. Na utafiti uliochapishwa mwaka 1988 Marekani, uliowauliza wapigaji zaidi ya 2,200 wa okestra, ulikuta 76 kati ya kila 100 wana angalau tatizo moja la kiafya lililoathiri upigaji wao. Hao ni watu wenye mshahara na bima. Je, mwanafunzi?

MASIKIO

Hapa vijana tusikilizane. Sauti inapimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini wanasema mtu anaweza kukaa kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Ila kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, na ukifika 100 una dakika 15 tu. Sasa ngoma, matarumbeta na spika ya ukumbini vinapita 100 bila jasho.

Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Zikifa, kwa binadamu haziioti tena. Hakuna dawa ya kuzirudisha, hata ukienda India.

Uingereza kuna mpigaji wa fidla kubwa ya viola, Chris Goldscheider, aliyeumia masikio mwaka 2012 wakati wa mazoezi ya okestra ya Royal Opera House ya London, akiwa amekaa mbele kabisa ya matarumbeta. Aliwashtaki, akashinda mwaka 2018, na rufaa ikamwacha na ushindi wake mwaka 2019. Waajiri walijitetea kwamba muziki si kelele za kiwandani, ndiyo bidhaa yenyewe. Mahakama ikasema sheria ya kulinda masikio ya wafanyakazi inawahusu na wanamuziki.

Rudi Bongo. Mwaka 2023 NEMC ilipofungia baa na kumbi kwa sababu ya kelele, mjadala ulikuwa mkali sana, mnakumbuka. Wote tuliongelea usingizi wa majirani. Mimi sikumsikia mtu hata mmoja anauliza habari za yule anayekaa mita moja kutoka kwenye ile spika kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Wengine wao ni wanafunzi wanatafuta hela ya kula.

KOO

Hili nalipita haraka. Nyuzi za sauti ni nyama laini, na ukiimba kwa nguvu huku umechoka zinaota vinundu au zinavuja damu. Adele mwenyewe, mnayemsikiliza kwenye simu, alifanyiwa upasuaji wa koo Marekani mwaka 2011 akakatisha ziara. Yeye alikatisha. Mwanafunzi wetu ana somo la kuimba Jumatatu, kwaya ya chuo Jumatano, harusi Jumamosi na ibada mbili Jumapili. Sauti ikikwaruza anapewa tangawizi, aendelee. Tangawizi haina ubaya, lakini haiponyi uzi uliochanika. Ushauri wa wataalamu ni kwamba sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu au nne, uende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Wangapi tunajua hilo?

KICHWA

Sasa tufike penye aibu.

Mwanafunzi wa hesabu akikosea, jibu ndilo baya. Mwanafunzi wa muziki anasimama peke yake mbele ya jopo, na chombo anachopimwa nacho ni mwili wake, pumzi yake, vidole vyake. Akikosea anajiona YEYE ndiye mbaya. Halafu simu inaita kutoka nyumbani, mtu anauliza lini utamaliza hizo ngoma zako utafute kazi.

Mwaka 2016 chuo kikuu cha Westminster cha London kilifanya utafiti kwa ajili ya shirika la kusaidia wanamuziki la huko. Waliojibu walikuwa 2,211. Kati yao, 71 kwa kila 100 walisema wameshapata mashambulio ya hofu au wasiwasi mkubwa, na kama 69 walisema wameshapitia sonona. Niwe mkweli, walijitokeza wenyewe kujibu, kwa hiyo huenda wenye matatizo walijitokeza zaidi. Lakini hata ukipunguza nusu, bado ni wengi mno.

Wenzetu wa nje wengine wanatuliza mikono inayotetemeka kwa dawa ya presha na moyo inayoitwa propranolol. Kwenye ule utafiti wa 1988, zaidi ya robo ya wapigaji walisema wameshatumia dawa za kundi hilo. Nasikia na huku inaanza, mtu anapewa na rafiki. Washkaji, hiyo dawa ina kazi yake lakini ni ya kuandikiwa na daktari. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua mpaka ikawa msiba. Na wale wanaotumia konyagi au bangi kabla ya shoo, mnajua wenyewe asubuhi inakuwaje.

Kwa nini hawaendi kwa mshauri? Vyuo vingi vina ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Tatizo ni mdomo wetu. Mtu akisema kichwa hakijakaa sawa, utani wa kwanza ni "huyo wa Mirembe". Ile ni hospitali ya Dodoma inayotibu watu wakapona wakarudi makwao, sisi tumeifanya tusi. Jamaa yangu alikaa miezi minne bila usingizi mzuri, na alichoogopa zaidi ya kukosa usingizi ni kuonekana na wenzake anaingia mlango wa mshauri.

MFUKO

Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na kwa miaka mingi miongozo yake imeweka mbele udaktari, ualimu wa sayansi, uhandisi na kozi za jamii hiyo. Sina ugomvi, nchi inahitaji madaktari. Ila matokeo yake mwanafunzi wa sanaa mara nyingi anaingia chuo na nafasi finyu zaidi ya mkopo kamili. Anafanyaje? Anapiga shoo usiku. Anarudi saa kumi alfajiri, saa mbili ana kipindi. Mkono haujapumzika, masikio hayajapumzika, na usingizi ndio huo. Ukiangalia vizuri, mkono, masikio, koo na kichwa ni ugonjwa mmoja: mtu hapumziki, na hakuna aliyemfundisha kwamba kupumzika ni sehemu ya kazi.

KIJIJINI TULIJUA KITU

Hapa ndipo ninapotaka wadau mnisaidie kufikiri. Ngoma za kwetu ni ngumu kuliko kinanda. Mtu anaruka na jembe juani. Lakini ngoma ina msimu, inakolea baada ya mavuno, mwezi wa sita mpaka wa nane, halafu inapoa watu warudi shambani. Wapiga ngoma wanapokezana. Ukikosea, umekosea ndani ya kundi, na kundi linakubeba. Hakuna anayefungiwa chumbani peke yake usiku na kinanda.

Sisemi kijijini ni peponi. Nimeshawaeleza habari za chale. Ninachosema, tulipoipeleka ngoma chuoni tulichukua ushindani wake tukaacha kupokezana kwake.

KWA NINI SASA HIVI?

Mdau mmoja lazima atasema: "Zahanati haina dawa, wewe unatuletea mkono wa mpiga kinanda?" Swali la haki. Majibu yangu ni mawili.

La kwanza, mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na ndani yake kuna mkondo wa amali kwenye sekondari, pamoja na sanaa bunifu. Walioanza kidato cha kwanza mwaka huo wanafika kidato cha nne mwaka 2027. Maana yake vijana wengi zaidi watasomea muziki kwa umakini, na watafundishwa na hao hao wanaotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makumira kule Arusha, TaSUBa Bagamoyo na kwingineko. Mwalimu aliyefundishwa kwamba maumivu ni uvivu, naye atafundisha hivyohivyo.

La pili, dawa yenyewe ni ya bei rahisi. Mwaka 2004 wataalamu wa muziki na wa tiba walikutana Texas, Marekani, wakazungumzia afya kwenye vyuo vya muziki tu. Mapendekezo yao kwa kifupi: chuo kikubali kwamba afya ya mwanafunzi ni kazi yake, kitoe somo la afya kazini kwa wanaoanza, kifundishe kulinda masikio, na kimuunganishe mwanafunzi na watabibu. Hakuna hata moja linalohitaji mashine ya mabilioni.

Mimi nikiyaleta Kibongo nasema hivi:

1. Mwaka wa kwanza, kabla ya noti ya kwanza, wafundishwe mwili. Saa mbili tu za kuanzia: kano, sikio, koo, usingizi.

2. Mazoezi ya vipande. Dakika 25 kupiga, 5 kupumzika. Na zamu za vinanda zipangwe ili mtu asilazimike kumaliza saa nne kwa mkupuo.

3. Viziba masikio vya kweli. Watu wa Simiyu samahani, pamba yetu haisaidii hapa. Ukiweka pamba sikioni sauti inapita karibu yote.

4. Mkono ukiuma, mtihani wa kupiga uahirishwe bila fedheha, kama anavyoahirishiwa mchezaji wa mpira aliyeteguka goti. Kwani mkono si goti la mpiga kinanda?

5. TCU inapokagua kozi za muziki iulize swali moja la nyongeza: mwanafunzi akiumia, anaonwa na nani?

Na kwa wanafunzi wenyewe: kwa miaka mingi mmekuwa mkilipa shilingi 50,400 kwa mwaka za bima ya afya ya mwanachuo. Mnadhani ni ya malaria tu. Itumieni. Mkono ukiuma wiki mbili usisubiri likizo. Usingizi ukikosekana wiki mbili, hali kadhalika, na kama mawazo yanafika mahali pa kujidhuru, mwambie mtu LEO, usisubiri hata kesho.

Tumalizie na jamaa. Aliahirisha mwaka mmoja. Shangazi yake wa Mwanza ndiye aliyempeleka hospitali, akakutana na mtu wa tiba ya viungo ambaye swali lake la kwanza lilikuwa: "Unakaa vipi ukipiga? Nioneshe." Jamaa aliniambia ilikuwa mara ya kwanza mtu anamuuliza hivyo tangu aanze chuo. Akalegezwa, akapewa mazoezi ya taratibu, akaanza na dakika tano kwa siku. Alimweleza pia habari za usingizi, akaelekezwa kwa mshauri, na akaenda. Sasa amerudi darasani. Kikombe cha uji anashika kwa mkono wa kulia.

Ule mlio wa masikioni haujaondoka. Tulikaa nje juzijuzi jioni, kimya, mimi nikasema leo kumetulia. Akatabasamu tu. Kwake hakutulii tena.

Naomba kuwasilisha. Mliosomea muziki, mnaoimba kwaya, mnaopiga bendi, semeni hapo chini yaliyowakuta, hata bila jina. Na mnaodhani nimekosea, nikosoeni kwa hoja, matusi peleka kwenu.